Macho hutazama, ubongo ndio huona

Je, umewahi kubishana na mwenzako juu ya kitu ambacho nyote wawili mnakitazama? Chukua leso yoyote yenye mtindo wa korosho. Muulize mama wa Likoni au Kisauni lile umbo lililopinda ncha ni nini, naye atakujibu mara moja: korosho. Mwonyeshe mama wa Kihindi umbo lilo hilo kwenye sari yake, atakwambia hilo ni embe changa. Waajemi, ambao wamelitia kwenye mazulia na vitambaa vyao kwa karne nyingi, huliita kichaka. Wazungu wengi huona tone la maji au chozi. Rangi ni ile ile, mkato ni ule ule, na macho ya wote wanne huenda ni mazima kabisa.

Basi nani aliyeona sawasawa? Wote. Jambo hili limewashughulisha wataalamu wa ubongo kwa miaka mingi, nalo linahusu afya yako kuliko unavyodhani, hasa ikiwa nyumbani mwako mna mzee ambaye macho yake yameanza kupungua nuru.

Tundu la kuku

Kabla ya kwenda mbali, tafuta kalamu na kipande cha karatasi. Chora mraba. Kisha chora mraba wa pili wa ukubwa uo huo, uliopanda juu kidogo na kusogea kulia, ukikatizana na ule wa kwanza. Unganisha kila pembe na pembe mwenzake kwa mstari mfupi. Utapata mfano wa tundu la kuku la vijiti lisilo na kitu ndani. Litazame kwa nusu dakika bila kuondosha macho.

Mara ya kwanza huenda ukaona kwamba upande wa mbele wa tundu ni ule mraba wa chini. Punde si punde, bila ya mtu kuligusa, tundu litajigeuza na mraba wa juu utakuja mbele. Endelea kutazama, litarudi lilivyokuwa. Karatasi haikusogea wala wino haukuhama. Kilichobadilika kimo ndani ya kichwa chako.

Aliyeandika juu ya jambo hili mwanzo ni Mswisi aitwaye Louis Albert Necker, mwaka 1832. Alikuwa akichunguza michoro ya mawe yenye pembe na kuona kwamba michoro hiyo inamgeukia machoni. Tangu hapo picha za namna hii zimekuwa nyingi. Uko mchoro wa bata ambaye pia ni sungura, uliochapishwa katika gazeti moja la vichekesho la Ujerumani mwaka 1892. Iko picha ya birika la maua ambalo pia ni nyuso mbili zinazotazamana, iliyofanywa maarufu na Edgar Rubin wa Denmark mwaka 1915. Mwaka huo huo, gazeti moja la Marekani lilichapisha picha ya W. E. Hill ya mwanamke ambaye wengine humwona msichana na wengine humwona ajuza.

Sasa mpe tundu lako mtoto wa shule, kisha mpe babu, na umwombe kila mmoja apige meza kila linapogeuka. Utaona tofauti kubwa. Wako ambao linawageukia kila baada ya sekunde mbili tatu, na wako ambao hukaa nalo kwa utulivu kama samaki wa kuchora. Kwa kawaida wazee hugeuziwa polepole kuliko vijana. Sehemu ya tofauti hizi mtu huzaliwa nayo. Uchunguzi wa pacha uliotolewa mwaka 2010, ambapo kila jicho lilionyeshwa kitu chake, ulikadiria kwamba karibu nusu ya tofauti za kasi kati ya mtu na mtu zinatokana na urithi. Mwaka huo huo, watafiti wa Uingereza walipiga picha bongo za watu na kuona kwamba kasi ya kugeuziwa ina uhusiano na umbo la sehemu ya ubongo iliyo juu ya kichwa, nyuma kidogo ya utosi.

Hapa pana onyo. Mwaka 1998, watafiti wa Australia waliandika kwamba kasi hiyo huwa ndogo kwa wagonjwa wa akili ambao hali yao hupanda na kushuka, mara furaha ya kupindukia, mara huzuni nzito. Habari hiyo si kipimo cha nyumbani. Usimpeleke mtu Port Reitz kwa sababu tundu la kuku limekataa kumgeukia.

Kinachotendeka ubongoni

Jicho hufanya kazi kama kamera, lakini hapo ndipo mfano unapokoma. Picha inayoangukia kwenye utando wa nyuma ya jicho ni bapa na iko juu chini. Tena, palipo na mshipa wa neva unaotoka kuelekea ubongoni, pana kitundu kisichoona chochote. Habari hizo pungufu husafirishwa hadi kisogoni, na huko ubongo huanza kukisia: hiki kilicho mbele yangu kinaweza kuwa nini? Mara nyingi jibu linalofaa ni moja, kwa hivyo hujui kabisa kwamba umekisia. Picha zenye sura mbili zina majibu mawili yanayolingana nguvu, na ubongo hauwezi kuyashika yote kwa wakati mmoja. Hushika hili, ukaliacha, ukashika lile.

Unaweza kuushuhudia mvutano huo kwa kutumia ukurasa huu huu, ila usiukunje kabla ya kumaliza kusoma. Uviringishe uwe kama bomba, uweke kwenye jicho la kulia, na uache macho yote mawili wazi. Kisha weka kiganja cha mkono wa kushoto ubavuni mwa bomba, karibu na katikati yake, kikielekea usoni kwako. Utaona tundu katika kiganja chako. Jicho moja linaleta kiganja, jingine linaleta mwanga wa mwisho wa bomba, na ubongo umeamua kuwapatanisha kwa njia yake.

Mwaka 1998, watafiti wa Marekani walitumia ujanja unaofanana na huo. Walimlaza mtu ndani ya mashine ya sumaku inayoonyesha ni sehemu gani ya ubongo inayofanya kazi, wakalionyesha jicho moja uso wa mtu na jicho la pili picha ya nyumba. Mtu hakuona mchanganyiko. Aliona uso, kisha nyumba, kisha uso. Ubongo una sehemu, upande wa chini kuelekea kisogoni, ambayo kazi yake kubwa ni nyuso, na jirani yake iko nyingine inayoshughulikia majengo na mahali. Kila yule mtu aliposema kwamba sasa anaona uso, sehemu ya nyuso ilipamba moto. Aliposema nyumba, ile ya majengo ikachukua zamu. Picha hazikubadilika hata kidogo.

La kustaajabisha zaidi lilitoka Ufaransa mwaka 2008. Watafiti huko waliwaonyesha watu picha ya Rubin ya birika na nyuso, lakini walipima ubongo sekunde chache kabla ya picha kutokea. Ikiwa ile sehemu ya nyuso ilikuwa tayari imechangamka kidogo kwa sababu zake yenyewe, mtu alielekea kuona nyuso. Ikiwa imetulia, alielekea kuona birika. Maana yake ni kwamba sehemu ya jibu ilikuwamo kichwani kabla ya swali kuulizwa. Kwa hivyo hata wewe mwenyewe, asubuhi na jioni, huenda usione kitu kimoja kwa namna moja.

Kila mtu na alikotoka

Ubongo hukisia kwa kutegemea uliyoyazoea na uliyo nayo akilini. Mwaka 1993 ilitolewa habari ya uchunguzi uliofanywa Uswisi, kwenye lango la bustani ya wanyama ya Zurich, ambapo watu walionyeshwa mchoro wa bata-sungura. Sikukuu ya Pasaka, wakati huko Ulaya sungura yuko kwenye kila dirisha la duka, wengi walisema ni sungura. Mwezi wa Oktoba wengi walisema ni ndege. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, walieleza jinsi watu 393 walivyoonyeshwa ile picha ya msichana na ajuza kwa nusu sekunde na kutakiwa kukisia umri wa mwanamke. Vijana walielekea kutaja umri mdogo, watu wazima wakataja mkubwa. Kila mtu alimtafuta wa rika lake.

Bila shaka wengi wenu mnakumbuka picha ya gauni kutoka Scotland iliyozagaa kwenye simu mwaka 2015. Nyumba zilikosana. Huyu anaapa ni buluu na nyeusi, yule anaapa ni nyeupe na dhahabu. Gauni lenyewe lilikuwa buluu na nyeusi. Picha ilipigwa katika mwanga usioeleweka, na kila ubongo ulijikisia mwenyewe kama gauni liko kivulini au kwenye taa, kisha ukasahihisha rangi kwa mujibu wa kisio hilo.

Afrika Mashariki nayo imo katika historia hii. Marshall Segall na wenzake wawili wa Marekani walichapisha kitabu mwaka 1966 kuhusu watu wa jamii mbalimbali za dunia walioonyeshwa michoro ya kudanganya macho, wakiwemo Banyankole na Batoro wa Uganda. Mmoja ni ule wa mistari miwili iliyo sawa kwa urefu, ambapo mmoja una vichwa vya mshale vilivyofungika na mwingine vilivyofunguka. Wamarekani wa mjini walidanganyika kuliko watu wa jamii nyingi za Afrika. Segall alidhani sababu ni kuishi katika nyumba za pembe mraba. Wataalamu wengine wamelipinga jambo hilo hadi miaka ya karibuni, na mimi nadhani pingamizi zao zina uzito, kwani hata pale tofauti zilikuwa za kiasi tu. Lakini kitabu kile kilikomesha mazoea ya kudhani kwamba anayeona tofauti na Mzungu ana upungufu.

Hapa Kenya swali hili lilikuwa la kazi hasa. Mwaka 1963 ilichapishwa London ripoti ya A. C. Holmes kuhusu jinsi watu wa Kenya wanavyozielewa alama na picha. Wenye kuchora mabango ya afya walihitaji kujua hayo. Mbu akichorwa mkubwa kama kuku ili miguu yake ionekane, mtazamaji asiyezoea picha za kukuzwa ana haki ya kusema kwamba kwao hakuna mbu wa namna hiyo. Hadi leo, ukipewa karatasi ya maagizo ya dawa yenye vijipicha, jua na mwezi na vidonge, usione haya kumuuliza mwuguzi vina maana gani. Kijipicha kilichomwelea aliyekichora si lazima kikuelee wewe.

Na kama hutaki michoro, simama ndani ya feri pale Likoni ikiwa bado imetia nanga. Feri ya ubavuni ikianza kuondoka, utahisi ni yako inayokwenda, na mguu utajikaza wenyewe. Ubongo ulikuwa na majibu mawili ukachagua moja.

Ubongo unapoficha ugonjwa

Mpaka hapo ni mchezo. Sasa tufike palipo na hatari.

Kwa kuwa ubongo una desturi ya kujaza mapengo, unaweza kukuficha kwamba jicho linakufa. Mfano mbaya kabisa ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Aina iliyo ya kawaida zaidi huharibu neva ya jicho taratibu, haiumi wala haitii jicho wekundu, nayo huanza kula pembeni mwa uoni. Mgonjwa haoni doa jeusi. Ubongo huchukua rangi ya ukuta au ya barabara iliyo karibu na pengo na kulipaka, mtu akadhani anaona kote. Dereva wa matatu wa Likoni hadi Ukunda anaweza kuendesha miaka akiwa hamwoni mtoto anayetokea ubavuni, na akaapa kwa dhati kwamba mtoto hakuwapo. Hasemi uongo. Kwake yeye, hakuwapo.

Kilichoharibiwa na glakoma hakirudi, lakini dawa ya matone ikianzwa mapema na kutiwa kila siku huweza kuokoa kilichobaki. Watu weusi wako katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu, na zaidi yao ni wale ambao mzazi au ndugu wa tumbo moja aliupata. Ukifika miaka 40, usingoje kuona vibaya ndipo upimwe. Jaribio la kusoma herufi ukutani peke yake halitoshi, kwani hilo hupima katikati ya jicho tu. Omba upimwe presha ya jicho na kutazamwa neva iliyo nyuma.

Wageni wasiosema

Upande wa pili wa jambo hili huwatisha watu zaidi. Mzee aliyepungukiwa na nuru, kwa mtoto wa jicho, kwa glakoma, au kwa macho kuharibiwa na kisukari, huanza kuona watu. Watoto waliovaa nguo za rangi wamesimama mlangoni. Safu ya nyuso. Maua yanayotambaa ukutani, vijitu vidogo, wanyama, majumba. Aghalabu hutokea jioni mwanga unapofifia, au mzee akiwa ameketi peke yake kimya.

Pwani yetu tafsiri zimekwisha kuwa tayari. Wengine watasema nyanya ameingiliwa na majini, wengine watasema akili imeondoka. Nyanya mwenyewe, kwa kuogopa tafsiri hizo, hunyamaza. Wako wanaonyamaza miaka.

Hali hii inajulikana katika udaktari tangu mwaka 1760, pale Charles Bonnet wa Geneva alipoandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee wa karibu miaka 90 mwenye mtoto wa jicho. Lullin alikuwa na akili timamu, na alikuwa akiona wanaume, wanawake, ndege na magari ya farasi ambayo hayakuwapo. Mwaka 1998 watafiti wa London walipima bongo za wagonjwa wa aina hii ndani ya mashine ya sumaku. Waliokuwa wakiona nyuso, ile sehemu ya nyuso ilikuwa ikifanya kazi. Waliokuwa wakiona rangi, sehemu ya rangi ilikuwa imeamka. Ubongo uliozoea kupokea habari kutoka machoni, unapokosa habari, huanza kujitengenezea zake.

Namna ya kumuuliza mzee ni muhimu. Usimwambie, "Mbona unaona mambo yasiyokuwapo?" Mwamkie, kaa karibu naye, umuulize: "Nyanya, siku hizi jioni kuna watu unaowaona? Huwa wanasema nawe?" Jibu la swali la pili lina uzito. Wageni wa Bonnet hawasemi. Hawana sauti wala harufu wala hawamgusi mtu, na mzee mwenyewe, akishatulia, hujua au husadiki upesi kwamba si wa kweli. Kumwambia tu kwamba haya ni mambo ya macho, yanajulikana, na wewe huna wazimu, kumewatosha wengi. Akiwaona tena, awashe taa, apepese macho, ayapeleke kulia na kushoto bila kugeuza kichwa, au ainuke atembee. Mara nyingi huondoka. Kwa wengi hupungua baada ya mwaka au zaidi, ingawa wengine hukaa nao kwa miaka. Na ikiwa sababu ni mtoto wa jicho, upasuaji unaweza kuwaondoa wageni pamoja na ukungu. Anayetaka kumsomea dua na amsomee, bora mzee afikishwe kwa daktari wa macho wiki iyo hiyo.

Si kila maono, lakini, ni ya macho. Maono yanayosema au kuamrisha, yanayokuja pamoja na homa na kuweweseka, yanayomjia mlevi siku mbili tatu baada ya kuacha pombe ghafla, au yaliyoanza mara tu baada ya kupewa dawa mpya, hayo yanataka hospitali upesi. Mzee anayeona watu huku anasahau mno, mwili umekakamaa na mwendo umekuwa wa kuburura, huenda ana maradhi ya ubongo wenyewe. Huko Japani madaktari walitangaza mwaka 2012 kipimo cha picha za maua na mandhari kwa wagonjwa wa namna hiyo, kwani huona nyuso na watu mahali ambapo wengine wanaona majani tu. Mistari ya mkatomkato inayong'aa na kutanuka kwa muda wa nusu saa hivi, kisha kichwa kikauma upande, hiyo mara nyingi ni kipandauso. Na anayeona pazia jeusi likishuka ghafla, au aliyepoteza nusu ya uoni pamoja na mdomo kwenda upande, asingoje mapambazuko.

Kwa mambo ya macho, anzia kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe uombe barua ya kwenda kwenye kliniki ya macho ya Hospitali Kuu ya Pwani, ile ya Makadara. Wakazi wa Likoni wanaweza pia kushika njia ya kusini hadi Kwale Eye Centre. Kwa yale ya akili, Port Reitz iko hapo Changamwe, ambako kwa miaka mingi wagonjwa wa Pwani wamekuwa wakipelekwa. Nenda na dawa zote anazotumia mzee, hata za mitishamba, na umwache aeleze mwenyewe anachokiona kabla hujamjibia.